Kisahani Kipya

Mazoea yana taabu, walinena wahenga, na aghalabu methali hii hutajwa pale mtu anaposhindwa kuacha jambo baya. Ni nadra kuisikia ikitajwa kwa mtu aliyepewa kitu kizuri kuliko alichokuwa nacho. Hata hivyo, hiyo ndiyo iliyomfaa msichana mmoja wa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Mwingi, pale alipokabidhiwa kisahani kipya Januari ya mwaka wa 2016.

Msomaji asiyefuatilia riadha na aelezwe kwamba kisahani ni mojawapo ya vifaa vinne vinavyorushwa uwanjani, pamoja na tufe, mkuki na nyundo. Cha wanawake kina uzito wa kilo 1, nacho cha wanaume kilo 2. Mrushaji husimama ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.5, hujizungusha mara moja na nusu, kisha hukiachia kitoke mkononi kikipitia ncha ya kidole cha shahada. Ni kidole hicho kinachokipa mzunguko, na mzunguko ndio unaokitunza angani kisiyumbe. Watoto wanaocheza pia wanaijua kanuni hii bila ya kufundishwa: pia ikizunguka husimama, ikichoka huanguka.

Kisahani cha zamani cha shule ile kilikuwa cha mbao, kimezungushiwa ukingo wa chuma. Hakuna aliyekumbuka kilinunuliwa lini. Kilikuwa kimegonga mawe mara nyingi, hata ukingo wake ukabonyea mahali pamoja, na bamba moja kati ya mawili ya katikati lilikuwa limeng'oka na kupotea. Msichana huyu alikuwa amekirusha kwa miaka miwili. Alijua kwamba kidole cha shahada kilipaswa kukaa ndani ya ule mbonyeo, kwani hapo hakikuteleza. Alijua pia kwamba kikishatoka mkononi kingelala upande wa kushoto, kwa hiyo alikuwa amejifunza kuuinua mkono mwishoni, kama mtu anayerusha nguo juu ya kamba ya kuanikia. Kwa namna hiyo alifika mita 33. Umbali huo uliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao wa rekodi za shule, nje ya ofisi ya walimu, nalo jina lake likaandikwa kando yake.

Kisahani kipya kililetwa na mwanafunzi wa zamani aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Mwalimu wa michezo, ambaye pia alifundisha Kiswahili (na ni nani mwingine hupewa michezo katika shule zetu kama si mwalimu wa lugha?), alikipokea kwa mikono miwili mbele ya gwaride. Pande zake zilikuwa za plastiki nyekundu na ukingo wake wa chuma kinachong'aa. Mtengenezaji alikuwa ameandika kwamba asilimia 80 ya uzito wake iko ukingoni.

Maneno hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko yalivyodhaniwa siku ile. Kifaa ambacho uzito wake umesukumwa ukingoni ni kigumu kuanza kuzunguka, ila kikishaanza hakiachi upesi, mfano wa gurudumu la baiskeli lililogeuzwa juu chini. Mrushaji hodari mwenye kasi hufaidika nacho kwa mita kadhaa. Mrushaji ambaye kidole chake bado hakijafunzwa hukiona kikitoka kinatetemeka, kinainua pua, kinapoteza mwendo na kudondoka kama jani la mbuyu. Ndiyo sababu wakufunzi huwapa wanagenzi kisahani chenye uzito mwingi katikati. Jambo hilo limejitokeza hata katika mchezo wa Wamarekani wa kurusha visahani vyepesi vya plastiki kwenye vikapu vya minyororo, ambao chama chake cha wachezaji kiliundwa mwaka wa 1976. Huko, mwaka wa 1983, kilitokea kisahani chenye ukingo uliochongwa mfano wa makali, na tangu wakati huo wachezaji hukumbushana kwamba kadiri kisahani kilivyo cha mwendo mkali ndivyo kinavyomkataa mwenye mkono wa polepole.

Mtupo wake wa kwanza kwa kisahani kipya ulikuwa wa mita 26. Wa pili ulitoka nje ya eneo. Wa tatu ulikwenda mita 24, nao wavulana waliokuwa wakipasha misuli moto kando ya uwanja wakacheka.

Wiki mbili zikapita. Kila jioni alikwenda uwanjani, jua la Januari likiwa bado limeushika mchanga, chuma cha ukingo kikiwa cha moto hata akalazimika kukifunika kwa sweta kabla ya kukishika. Kidole kilitafuta mbonyeo usiokuwepo. Mkono uliinuka mwishoni kwa mazoea, na kwa kuwa kisahani hiki hakikulala kushoto, kule kuinua kulikielekeza angani tu. Kila alichokuwa amejifunza kwa kile cha mbao sasa kilikuwa kosa. Mwalimu alimwonyesha picha za video kwenye simu yake, akamkumbusha kwamba Julius Yego, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mkuki kule Beijing mwezi Agosti 2015 kwa mtupo wa mita 92.72, alijifunza mengi kwa kutazama video kwenye intaneti. Msichana alitazama kwa adabu. Siku ya kumi na tano alirudi kwenye kile cha mbao na kukirusha mita 32 bila ya jasho.

"Mwalimu," alisema, "naomba niende na hiki mashindanoni."

"Tutaona, mwanangu," mwalimu akajibu. Kila mwanafunzi hujua maana ya jibu hilo.

Jumatano, siku ya soko, alipita mjini baada ya masomo kumsaidia nyanya yake kubeba magunia. Mikoba yote miwili, wenye vitabu na wenye visahani, ilikuwa mgongoni. Nyanya yake aliuza ndengu, yaani choroko kama kamusi zinavyopendelea, zao ambalo ndilo hela ya watu wa Mwingi mvua za Oktoba hadi Disemba zikiwa zimenyesha vyema. Mbele ya dalali palikuwa na mizani ya mawe. Wakati wakingojea zamu yao, msichana, pengine kwa kuchoshwa na mzigo tu, alikitoa kisahani cha mbao akakiweka kwenye sahani moja ya mizani, na jiwe la kilo moja kwenye nyingine.

Kisahani kikapanda juu.

Nyanya, aliyekuwa na ugomvi wa miaka mingi na mizani za madalali, alicheka. "Jiwe la dalali huwa zito kwetu na jepesi kwake," alisema. "Geuza." Wakageuza, jiwe huku na kisahani kule. Kikapanda vilevile. Msichana akakitoa kile chekundu na kukiweka mahali pa kile cha mbao. Mkono wa mizani ukatikisika kidogo, ukatulia sawasawa. Kwa mara moja katika historia ya soko lile, jiwe la dalali lilikuwa la haki.

Akakirudisha cha mbao, akachota ndengu kutoka gunia la nyanya yake na kuzidondosha juu yake kidogo kidogo. Ilihitajika konzi nzima, na baada ya hiyo nyingine pungufu kidogo, ndipo mizani ikatulia. Ukame wa Mwingi ulikuwa umeikausha mbao, mawe yalikuwa yameila, na lile bamba lililopotea lilikuwa limeondoka na fungu lake.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Kwa mtazamaji wa kando, huenda jambo hili likawa dogo, hata la kuchekesha. Kwa msichana lilikuwa na uso wa mtu. Mwaka uliotangulia, katika mashindano ya eneo, kila shule ilirusha kisahani chake na hakuna aliyepima chochote. Yeye alishika nafasi ya pili, ya mwisho kati ya waliosonga mbele, akimzidi msichana wa shule jirani kwa sentimita 40. Huyo alikuwa kidato cha nne. Hakuwa na mwaka mwingine. Sasa alikuwa akiuza katika duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu iendayo Garissa, na msichana wetu alimwona kila siku ya soko.

Alizifunga zile ndengu katika karatasi ya daftari. Kesho yake aliziweka juu ya meza ya mwalimu pamoja na kisahani, akaeleza. Mwalimu alinyamaza kitambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amekipeleka kisahani kile mashindanoni miaka yote hiyo. Mwishowe akasema, "Hukujua. Hata mimi sikujua." Yote mawili yalikuwa kweli, ila hayakumtosha yeyote kati yao. Ijumaa ile ubao wa rekodi ulionekana na doa jeupe mahali palipokuwa na mita 33. Aliyelifuta hakujitaja, na pasi na shaka hakuwa msichana, kwani hakuwa na urefu wa kufika pale.

Mara mbili aliingia katika duka lile. Mara ya kwanza alinunua misumari ya shilingi kumi isiyokuwa na kazi yoyote nyumbani kwao. Mara ya pili aliuliza bei ya rangi. Mara ya tatu alikitoa kisahani cha mbao na ile karatasi ya ndengu, akaviweka juu ya kaunta, akasema alichokuja kusema bila ya kupumua katikati.

Yule mwingine aliisikiliza habari yote. Alikipima kisahani mkononi, akakirusha juu kidogo na kukidaka.

"Kwa hiyo nilikushinda, dada," alisema.

"Ulinishinda."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hakuna neno. Aliuliza kipya kiko wapi. Alipopewa, alitoka nje ya duka, akasimama kwenye kivuli, na vidole vyake vikajipanga ukingoni kama vya mpishi anayekunja sambusa: viungo vya mwisho tu vya vidole, kidole gumba kimelala bila ya kubana. Alikibingirisha ardhini kuelekea ukutani. Kikaenda wima, moja kwa moja, bila ya kuyumba.

"Wewe unakikaba," alisema. "Kile cha zamani kilitaka kukabwa. Hiki kiachie kiondoke chenyewe kwa kidole cha shahada. Kibingirishe kwanza, usikirushe."

Kubingirisha ni zoezi la wanagenzi, la siku ya kwanza kabisa, na pengine ndiyo sababu msichana hakuwa amelifikiria. Nani mwenye rekodi ubaoni hurudi kwenye zoezi la siku ya kwanza? Ila sasa ubao ulikuwa na doa tu. Kwa siku nane hakurusha. Alibingirisha kisahani kwenye mstari uliochorwa kwa majivu, mara mia kila jioni, hadi ngozi ya ncha ya kidole ikawa ngumu. Kisha alirusha akiwa amesimama, bila ya kujizungusha. Kisha kwa nusu mzunguko. Siku moja kisahani kilitoka mkononi kimya, bila ya ule mtetemo aliouzoea, na upepo wa kaskazi uliokuwa ukivuma usoni pake ukakipokea na kukiinua. Wajuzi wanasema kisahani hupenda upepo wa mbele. Si ajabu kwamba rekodi ya wanaume ya mita 74.08, iliyowekwa na Jürgen Schult mwaka wa 1986, ilivunjwa na Mykolas Alekna mwaka wa 2024, na akaisogeza tena hadi mita 75.56 mwaka wa 2025, mara zote katika uwanja wa Ramona, Oklahoma, unaosifika kwa upepo wake. Uwanja wa shule ile ya Mwingi hausifiki kwa lolote, ila upepo unao.

Mita 29 na nusu. Chini ya rekodi iliyofutwa, juu ya kila alichowahi kukifanya kwa kilo kamili.

Katika mashindano ya kaunti, maafisa walivipima visahani vyote asubuhi, kimoja kimoja, na kuvitia alama ya chokaa. Kisahani chekundu kilipita. Mitupo yake miwili ya mwanzo ilitoka nje ya eneo kwa kuwa mkono, kwa woga, ulikumbuka ya kale na kuinuka. Wa tatu ulitua kwenye mita 31 na sentimita 12. Alikuwa wa nne, na waliosonga mbele walikuwa watatu.

Jioni, ndani ya matatu ya kurudi Mwingi, aliazima simu ya mwalimu, akamtumia ujumbe yule wa dukani: nafasi, na umbali. Kile cha mbao kilikuwa kimebaki shuleni mikononi mwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, kimeandikwa kwa rangi ya msumari wa dukani, yaani kwa kukwaruzwa: SI KILO.

Jibu lilikuja walipokuwa wakikaribia mji.

"Kwa kilo nzima?"

"Nzima," akaandika, akairudisha simu.