Mkeka na Bei Yake

Mtu asiyejua kazi ya ususi akiona mikeka miwili imetandazwa sokoni Kayanga, urefu mmoja na rangi moja, hudhani kuwa ni sawasawa. Mimi nimelelewa na shangazi yangu, msusi wa Kyerwa, karibu na mabwawa ya mto Kagera, nami najua kwamba mmoja waweza kuwa na thamani mara tatu ya mwenziwe.

Kazi huanza kwenye mkindu. Majani machanga, yale ambayo hayajafunguka bado, hukatwa, hupasuliwa vipande vyembamba, huanikwa juani mpaka yakawa meupe. Ya kutiwa rangi huchemshwa sufuriani. Kisha msusi huyalowesha kidogo yasivunjike, huketi chini, na kusuka ukili, yaani utepe mwembamba ulio mrefu ajabu, ambao huviringwa kama gurudumu. Mwisho ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hata ukawa mkeka.

Sasa tazama jambo hili. Msusi hana karatasi wala picha mbele yake. Maua yote yamo kichwani mwake, naye huhesabu kimya kimya, midomo ikichezacheza. (Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kabisa kumsemesha wakati huo.) Akikosa hesabu moja, ua la safu hii halitakutana na ua la safu ya pili, na kosa hilo litaonekana maadamu mkeka upo. Kwa hiyo ukitaka kuujua mkeka, usitazame ukubwa wake. Uinue mbele ya jua: ukiona mianya ya nuru, umesukwa kwa haraka. Ugeuze nyuma, uutazame mshono. Fuata ua moja kwa kidole chako toka pindo hata pindo.

Mkeka wa namna hiyo humchukua shangazi majuma mengi, maana husuka jioni, akiisha kutoka migombani. Lakini mchuuzi ajaye kununua kijijini kwetu hupima kwa hatua za mguu: urefu mmoja, bei moja. Mbele ya jua hauinui. Basi majirani wakafanya hesabu zao, wakaanza kusuka ukili mpana, mlegevu, wapate kumaliza mikeka miwili mahali pa mmoja. Siwalaumu hata kidogo. Sare na madaftari ya watoto hayangoji.

Wala si kwetu tu. Katika Marekani wako watu waitwao Wanavajo, ambao wanawake wao ni mashuhuri kwa kufuma mazulia ya sufu ya kondoo katika kitanda cha mfumi kilichosimamishwa wima, nao pia hufuma maua yaliyo kichwani. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye maduka wengi waliyanunua mazulia hayo kwa mizani, ratili kwa ratili. Ikawa wafumaji wengi wakafuma mazulia mazito, malegevu, na sufu hawakuiosha, kwa kuwa mafuta na mchanga viliongeza uzito. Wako wenye maduka waliokwenda njia nyingine, kama John Lorenzo Hubbell, aliyeanza biashara yake Ganado mwaka 1878. Yeye alitafuta kazi njema, akailipia. Siku hizi zulia zuri la Kinavajo huuzwa kwa maelfu ya dola, na mnunuzi hulichunguza uzi kwa uzi kabla ya kufungua mfuko.

Nilipomsimulia shangazi habari hizi alicheka hata akaweka ukili chini. Akasema, “Kumbe hata huko walinunua mchanga!”

Yeye husuka namna mbili sasa. Mlegevu ni wa mchuuzi. Wa kukaza ni wa watu wanaojua kuuinua mbele ya jua, nao ni wachache, lakini hulipa bei anayoitaja. Uko na mmoja wa maua mekundu na meusi ambao hautauzwa kwa bei yo yote. Ni wa binti yake atakapoolewa, na ukili wake umefika nusu.