Ile zambarau pembeni mwa Mlima Meru

Leo naweka siasa pembeni, na bei ya mahindi nayo ipumzike kidogo. Naongelea picha, maana kuna swali naulizwa kila mara na vijana wanaoanza kupiga picha za habari huku Ngaramtoni: "Kaka, mbona mlima umetoka na mstari wa zambarau?"

Hawaoni maruweruwe. Simama kando ya barabara ya Namanga asubuhi, elekeza kamera Mlima Meru wakati jua linapanda, kisha ifungue ile picha kwenye kompyuta na uikuze mpaka asilimia 100. Pale weusi wa mlima unapokutana na mbingu nyeupe utaona uzi mwembamba wa zambarau. Utauona pia kwenye matawi ya miti, kwenye nyaya za umeme, kwenye ncha ya paa la bati, hata kwenye sikio la mtu aliyesimama jua likiwa nyuma yake. Mlimani rangi hiyo haipo. Imeletwa na kamera.

Inakujaje? Mwaka 1672 Isaac Newton alichapisha maelezo ya majaribio yake ya mwanga. Alionyesha kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na kwamba ukipita kwenye kioo kila rangi hupinda kwa kiasi chake. Zambarau hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo. Matone ya mvua hufanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana tunaona upinde wa mvua. Sasa lenzi ya kamera nayo ni kioo. Inataka kukusanya rangi zote mahali pamoja, lakini kila rangi inataka kutua mahali pake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ule uzi wa zambarau. Wataalamu wanaiita kromatiki aberesheni.

Mafundi wamepambana na tatizo hili kwa karne nyingi. Muingereza Chester Moor Hall alibuni miaka ya 1730 lenzi ya vioo viwili vya aina tofauti, kimoja kikirekebisha kosa la mwenzake. Mwaka 1758 John Dollond akapata hataza ya lenzi kama hiyo jijini London. Vioo viwili vinaweza kupatanisha rangi mbili, lakini nyingine hubaki nje kidogo, na mara nyingi inayobaki ni zambarau. Lenzi za gharama kubwa huongezewa vioo maalumu vya kupunguza mtawanyiko huo. Lenzi nyingi za bei nafuu hazina, na zumu ndefu za bei ya chini ndizo huonyesha zaidi. Kwa hiyo kijana usijilaumu, wala usikimbilie kusema kamera imekufa.

Kabla ya kutibu, jua ugonjwa. Kuna aina mbili, na mimi naongeza ya tatu kwa sababu ya kazi yetu ya magazeti.

Ya kwanza hukaa pembeni mwa picha. Katikati ni safi, lakini ukielekea kwenye kona unaona kitu kina nyekundu upande mmoja na samawati upande wa pili. Hii haiondoki hata ukibana tundu la lenzi. Bahati nzuri kompyuta inaimudu vizuri, kwa sababu kinachotakiwa ni kuvuta kidogo picha ya rangi moja ilingane na nyingine. Kamera nyingi za siku hizi hujifanyia zenyewe.

Ya pili hutokea popote, hata katikati. Kilicho mbele ya fokasi kinapata zambarau, kilicho nyuma kinapata kijani. Inakuwa mbaya lenzi ikiwa wazi kabisa. Ukibana tundu, tuseme kutoka f/2 kwenda f/5.6 au f/8, inapungua sana. Na pale mbingu inapokuwa imeungua, yaani nyeupe isiyo na kitu ndani yake, zambarau hutanda zaidi kwenye ukingo wa giza.

Ya tatu wala siyo ya lenzi. Gazeti la rangi huchapwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Bamba moja likikaa vibaya mtamboni, rangi zinapishana. Msomaji anaona mtu mwenye midomo miwili na anamlaumu mpiga picha. Namna ya kujua ni rahisi: kosa la mtambo husogeza rangi kuelekea upande mmoja kwenye picha nzima, na hata picha za pembeni yake kwenye ukurasa ule ule zinakuwa hivyo. Kosa la lenzi la aina ya kwanza hutoka katikati kwenda nje, kila kona na upande wake.

Haya, dawa. Dawa bora ni ya kule kule kwenye tukio, na kwa watu wa Ngaramtoni dawa ya kwanza ni saa ya mkononi. Sisi tuko magharibi ya mlima. Asubuhi jua linatoka upande wa mlima, kwa hiyo mlima unakuwa mweusi na mbingu inawaka. Huko ndiko kuitafuta zambarau kwa tochi. Alasiri jua limeshatuvuka, linaupiga mlima usoni, miteremko inaonekana na mbingu nyuma yake ni ya bluu. Picha ile ile, lenzi ile ile, na ule uzi karibu wote unapotea. Mlima wa mita zaidi ya 4,500 hauendi popote. Subiri.

Kama tukio halisubiri, na habari huwa haisubiri, basi bana tundu mpaka f/8, punguza mwanga kidogo ili mbingu isiungue, na usiivute zumu mpaka mwisho kama unaweza kusogea kwa miguu. Mtu wako muhimu usimweke kwenye kona. Ukiweza hama hatua tatu, ili nyuma yake kuwe na ukuta au majani badala ya mbingu tupu. Wa simu huna tundu la kubana, lakini unaweza kugusa uso wa mtu kwenye skrini, ukashusha mwanga, na ukahama hizo hatua tatu.

Baada ya hapo ndipo kompyuta. Lightroom ina sehemu ya kazi hii, na programu za bure kama darktable na RawTherapee zinayo pia. Na hapa ndipo nataka tuelewane, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika yote haya.

Kompyuta haijui zambarau ipi ni ya lenzi na ipi ni ya dunia. Inachojua ni kwamba kuna zambarau kwenye ukingo. Ukiiambia ifute, inafuta.

Kuna picha nilipiga ya kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa. Walivaa sare waliyoishona kwa michango yao wenyewe: kitambaa cheupe chenye pindo jembamba la zambarau. Jua la saa sita, nguo nyeupe. Ilipofika mezani, mhariri wa picha mmoja (jina kapuni) aliona zambarau pembeni mwa weupe, akavuta kile kitufe mpaka mwisho. Gazeti lilitoka na akina mama wenye pindo la kijivu. Habari yenyewe ilisema wamevaa sare ya zambarau na nyeupe. Mama mmoja alinishikia ukurasa akasema taratibu, "Mwanangu, hiki siyo kitambaa chetu." Hakukasirika. Ila mwaka mzima wa michango ulikuwa ndani ya lile pindo, na sisi tulikuwa tumelifua.

Fikiria pia mijakaranda ya Arusha mjini inapochanua kwenye Oktoba na Novemba. Maua ya zambarau, matawi meusi, mbingu kali nyuma. Hapo zambarau ya ua na zambarau ya lenzi zimekaa tawi moja. Ukifuta kwa pupa unapata mti wenye majivu.

Kwa hiyo ukifuta, futa kidogo kidogo, mahali penye tatizo tu, huku ukitazama picha ya asili. Usiweke amri moja kwa picha zote 200 halafu ukaenda kunywa chai. Na andika kwenye daftari lako watu walivaa rangi gani. Daftari halina kromatiki aberesheni.

Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliwaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, watume zile za JPEG zilizotoka hivyo kwenye kamera. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba picha ya habari iwe karibu na kilichoonekana. Kufuta kosa la lenzi naona si dhambi, kwa sababu unarudisha ukweli ambao kioo kiliuharibu. Lakini kufuta rangi aliyoinunua mtu ni kumwandika vibaya, sawa na kukosea jina lake.

Swali la kujiuliza kabla hujagusa kitufe ni moja tu: rangi hii ni ya nani? Kama ni ya lenzi, ondoa. Kama ni ya mama, iache.

Nawasilisha.