Herufi A

Msomaji, kama una leseni ya gari, itoe mfukoni uisome vizuri. Achana na jina, achana na ile picha uliyopigwa umekunja uso. Tazama herufi. Yangu kwa miaka mitatu ilikuwa na B peke yake, na B ni ya gari dogo. Ya pikipiki huanza na A.

Nilipopata nafasi ya warsha ya wiki mbili Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, vijana wenzangu wa Mombasa waliniambia kule pikipiki hukodishwa kama baiskeli. Unatoa hela, unapewa ufunguo, kwaheri. Ni kweli, nimeona kwa macho. Skuta ya sisi 125 utaipata kwa baht 200 au 300 kwa siku, na wenye maduka wengi hata hawakuulizi leseni. Sasa ya nini kujisumbua?

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa bodaboda. Ana chuma kwenye paja la kulia tangu 2016, na masika yakikaribia mguu ule humpasha habari kabla ya redio. Ndiye aliyenifunza kuendesha, na ndiye aliyenikatalia. "Hupandi chombo cha mtu, nchi ya watu, bila karatasi. Ukianguka hapa tutakufanyia harambee. Huko nani anakujua?"

Basi nikarudi shule ya udereva, nikafanya mtihani, nikaongezewa A. Kisha nikaenda AA kuchukua kibali cha kimataifa, kile kijitabu kinachoieleza leseni yako kwa lugha kadhaa. Kijitabu hiki huchukuliwa kwenu kabla ya safari, na hakichukui nafasi ya leseni. Unatembea navyo vyote viwili. Kinapigwa muhuri kwa kila daraja. Muhuri ukiwa kwenye B tu, basi ukiwa juu ya pikipiki umebeba karatasi tupu.

Polisi wa Chiang Mai huweka vizuizi barabarani, na mgeni asiye na kibali hulipa faini akaenda zake. Hiyo faini ndiyo inayowapoteza watu. Wanaitia kwenye hesabu kama nauli, wakidhani shida imeishia hapo. Kumbe mwenye neno ni bima. Soma yale maandishi madogo ya bima yako ya safari: mara nyingi inakulinda juu ya pikipiki pale tu ulipo na leseni ya pikipiki na helmeti kichwani. Huna A, bili ya hospitali ni yako. Pikipiki za Thailand zina bima ya lazima, sikatai, lakini matibabu ya mwanzo inayalipia hadi baht 30,000, na chombo chenyewe haikigusi. Muulize kaka yangu mfupa wa paja unataka nini.

Duka la kwanza mama mwenyewe alitaka pasipoti yangu iwe dhamana. Nikamwambia kwa heshima, mama, hiyo si yangu, ni ya serikali. Nikampa nakala na pesa taslimu. Akakataa, tukaagana vizuri. Ukimwachia mtu pasipoti, siku mkibishana juu ya mkwaruzo yeye ndiye atakayepanga bei, na wewe una ndege kesho yake. Duka la pili walikubali nakala na baht 3,000.

Nilikuwa na mwenzangu wa warsha, dada mmoja wa Tanga, ambaye angekaa nyuma. Mimi nashughulika na breki, tairi, taa na honi, napiga picha kila mkwaruzo, yeye amesimama tu. Halafu akauliza: "Kaka, na kofia yangu mie iko wapi?" Wakamletea kitu cha plastiki. Akakigonga kwa kidole. "Hii ya kuchotea maji." Hakupanda hadi ikapatikana helmeti yenye mkanda unaofunga sawasawa. Sheria yenyewe inamtaka abiria aivae pia, na tangu 2022 faini yake inafika baht 2,000.

Tulikuwa tunakwenda Pai, mji mdogo milimani. Barabara ya 1095, kama kilomita 130, na kona 762. Wanaziuza zimechapishwa kwenye fulana. Thailand huendesha kushoto kama kwetu, afadhali hilo. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wanaokufa barabarani nchini humo ni watu wa vyombo vya magurudumu mawili na matatu. Nilikwenda polepole mno. Malori yalinipita, nikayapisha.

Pai imejaa vijana wa kigeni wenye bandeji, magoti na viwiko. Vidonda hivyo wameviita chale za Thailand, na wanacheka. Mmoja tuliyekaa naye penye chai hakuwa akicheka. Mguu ulikuwa kwenye plasta. Alijifunza kuendesha siku ileile aliyokodi. Watu wa bima walimjibu kwa sentensi moja: tutumie leseni yako. Simu aliilaza juu ya meza, kila ikiwaka anaitazama, haigusi.

Dada wa Tanga akaninong'oneza. "Kaka, yako ina hiyo herufi?" Nikaitoa. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia, akaagiza chai nyingine.

Tuliporudi, mwenye duka aliizunguka skuta mara mbili, akainama penye mkwaruzo karibu na bomba la moshi, akaniangalia. Nikamwonyesha picha ya siku ya kwanza: mkwaruzo uleule, mahali palepale. Akacheka, akanihesabia 3,000 zangu, akauliza kama kwetu nako pikipiki zinakodishwa hivi. Nikamwambia kwetu unakodi pikipiki na mwenyewe amekaa mbele.