Uhuru wa Kazimoto: Udhanaishi katika Kichwamaji

Wahakiki kadhaa wa riwaya ya Kiswahili wamekwishaonyesha kwamba Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi imejengwa juu ya misingi ya udhanaishi. Kwa kawaida hutajwa Jean-Paul Sartre na Albert Camus, kisha Kazimoto akapangwa katika ukoo wa wahusika wao. Sipingi uhusiano huo. Ninalotilia shaka ni kwamba unatosha kuieleza riwaya.

Tuutazame mwisho wake. Kazimoto anajiua. Lakini Camus, katika insha yake ya 1942 kuhusu Sisyphus, anakataa katakata kwamba kujiua ni jibu la maisha yasiyo na maana. Binadamu hana budi kuishi huku akiujua ukweli huo. Kazimoto, basi, si mwanafunzi mtiifu wa Camus.

Kwa maoni yangu, tofauti hii inatokana na jamaa. Meursault, mhusika mkuu wa Camus, anaishi Algiers bila kubanwa sana na ukoo. Kazimoto ni msomi wa Chuo Kikuu anayerejea kijijini, na kila atendalo linamgusa mtu. Dada yake, Rukia, alipewa mimba na Manase. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, na kisasi hicho kinaishia katika ndoa. Hata ugonjwa unapita kutoka mwili hadi mwili, na mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Kazimoto alichagua kwa uhuru, lakini gharama yake ililipwa na wengine, hasa wanawake.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya darasani. Tumezoea kuandika ubaoni "dhamira: kukata tamaa", kisha tukaendelea. Mwanafunzi anayetusikiliza ni rika la Kazimoto; pengine naye ametoka kijijini akiwa na maswali yale yale. Tukimfundisha kwamba kifo kile ni hitimisho la kimantiki la kufikiri sana, tutakuwa tumempotosha, na riwaya tutakuwa tumeisingizia.

Sabina anabaki hai, amefiwa na mtoto na mume. Swali la maana ya maisha halikuzikwa na Kazimoto. Ameachiwa yeye, na uhakiki wetu bado haujamsikiliza vya kutosha.