Amri ya Nane

Umri huhesabiwa kwa miaka, walakini ukubwa hauhesabiki hivyo. Yuko mtu wa miaka 50 ambaye bado ni mtoto, na yuko msichana wa miaka 15 aliyekwisha kutwikwa mzigo wa mtu mzima. Nimefundisha wasichana kwa muda mrefu, na kila nimsikiapo mzazi akijisifu ya kuwa binti yake amekuwa mkubwa kwa sababu amepata kipaimara, moyo wangu hurudi nyuma mpaka mwaka 1996, katika kijiji kimoja cha Uchagani, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Kwa Walutheri kipaimara si jambo dogo. Mtoto aliyebatizwa akingali mchanga huikiri kwa kinywa chake mwenyewe imani ambayo wengine waliikiri kwa niaba yake. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na desturi hiyo ikaota mizizi kati ya migomba yetu. Katika usharika wetu tulisoma kwa miaka miwili, kila Jumamosi, Katekisimo Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Nguo nyeupe ilishonwa, mbuzi alitengwa, na shangazi waliokuwa mbali walipelekewa habari.

Nilikuwa na rafiki. Tulichota maji pamoja, tulikata majani ya ng'ombe pamoja, na Jumamosi tulikaa benchi moja. Yeye alikuwa mwepesi wa kucheka, mimi mwepesi wa kukariri. Miezi mitatu kabla ya siku kuu ilijulikana kwamba ana mimba. Shule ilimfukuza, na darasa la kipaimara likamwondoa. Watu wakaanza kunena kuwa alikuwa msichana asiyetulia, mwenye wanaume wengi. Mimi nilijua ya kwamba maneno hayo ni uongo. Nilimjua pia mtu mzima aliyemdanganya, mwenye mke na watoto, maana mara mbili alinituma mimi nimpelekee barua.

Mwinjilisti aliniita akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe ulikuwa rafiki yake. Haya yanayosemwa ni kweli?"

Nikakumbuka zile barua, nikaogopa. Nikajibu, "Mwalimu, sikuwa karibu naye kiasi hicho."

Jibu lile lilikuwa fupi, lakini limenifuata kwa karibu miaka 30.

Siku ya kipaimara niliulizwa mbele ya usharika amri ya nane, ile ikatazayo kumshuhudia jirani uongo. Niliisema bila kukwama. Tena nikatoa maelezo yake, ambayo hayaishii katika kukataza uongo, bali yanamtaka Mkristo amtetee jirani yake na kumnenea mema. Wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Katika benchi la mwisho, karibu na mlango, rafiki yangu alikaa kando ya mama yake. Yule mtu mzima alikaa mahali pake pa siku zote. Nyumbani mbuzi alichinjwa, nami nikaambiwa kuwa sasa nimekuwa mkubwa.

Wakati ule hata nchi ilikuwa haijaamua msichana ni mkubwa lini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, hali mvulana alingoja miaka 18. Walakini msichana huyo huyo akipata mimba shuleni alifukuzwa, kana kwamba kosa lote ni lake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania ilitamka kuwa vifungu vile vya ndoa vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua aweza kurudi darasani. Hayo ni mema, lakini yalimkuta rafiki yangu ni mwanamke wa miaka 40, mwuza ndizi sokoni.

Miaka kadha kabla ya hapo, mwaka 2012, binti yake alipata kipaimara, nami nikaalikwa. Nilimfuata jikoni alikokuwa akipakua chakula, nikamweleza yote: zile barua, swali la mwinjilisti na jibu langu. Alinyamaza kitambo, mwiko mkononi. Kisha akasema, "Mwenzangu, tulikuwa watoto."

Nililia. Alinipa bure udhuru ambao yeye mwenyewe hakupewa na mtu. Mwaka 1996 mimi niliitwa mkubwa nikasifiwa, yeye aliitwa mkubwa akaadhibiwa, na kumbe wote wawili tulikuwa watoto. Aliyekuwa mkubwa kweli hakuulizwa neno.

Hilo ni deni letu sisi wazazi na walimu. Tukitaka binti zetu wajue kuwajibika, yafaa kwanza waone wakubwa wanaowajibika. Na tunapomwuliza msichana habari za mwenzake, yafaa ajue kuwa akisema kweli hataachwa peke yake.

Na binti anijiaye kuniuliza lini atakuwa mtu mzima, simwonyeshi nguo nyeupe wala cheti. Namweleza habari za benchi la mwisho. Namwambia kwamba siku atakapoinuka akaenda kukaa pale, kando ya mtu asemwaye vibaya, hali wote wanamtazama, siku hiyo atakuwa ameanza.