Moro kwa Wawili, Karanga Hapana

Mnataka kutoroka Dar wikiendi hii? Pandeni treni ya SGR, iliyoanza safari za Morogoro mwaka 2024. Kabla hamjachoka kupiga stori mmeshafika mji kasoro bahari, Milima ya Uluguru ikiwatazama.

Ila kama mwenzako ana mzio wa karanga, kama mume wangu, jipangeni. Huku mchicha na kisamvu huungwa karanga, na mama lishe mkarimu atawaongezea kwa upendo. Ukisema tu "huyu hali karanga", atadhani hazipendi. Mwambie wazi: "Akila, koo linavimba, anashindwa kupumua." Hapo mnaelewana. Ulizia na sufuria na mwiko, maana chembe iliyobaki inatosha kuleta balaa.

Mkipanda Morningside, kwenye nyumba ya enzi za Wajerumani, mtapita mashamba ya Waluguru yaliyong'ang'ania mteremko. Bebeni ndizi mbivu na maji. Sindano ya adrenalini ikae begani, siyo hotelini, na nyote wawili mjue kuichoma. Ikishachomwa, shukeni hospitali hata kama ameshapata nafuu, kwani hali inaweza kurudi. Msipande wenyewe, chukueni kijana mwenyeji anayejua njia.

Na busu je? Karanga ulizotafuna wewe zinaweza kumdhuru yeye, na mswaki pekee hautoshi. Ndiyo maana mimi Moro nzima sizigusi. Wengine hupeana maua, sisi tunanyimana karanga.