Kuchagua Mtaa wa Kulea Watoto

Barua ya uhamisho ilimkuta karani mmoja mjini Songea, ikimtaka afike kazini Dar es Salaam baada ya wiki sita. Kazi ilikuwa ile ile na mshahara ulikuwa ule ule, isipokuwa posho ndogo ya kusafirisha mizigo kwa safari ya zaidi ya kilomita 900. Alikuwa na mke na watoto watatu. Mkubwa alikuwa darasa la tatu, na mdogo hajatimiza miaka miwili. Kabla barua ile haijakunjwa, swali lilikuwa limekwisha kuzaliwa nyumbani mwake: tutakaa wapi?

Swali hili huonekana jepesi kwa mtu asiyepata kuhama. Ndugu na marafiki waliotangulia Dar es Salaam waliulizwa, na kila mmoja alisifu mtaa wake. Wa Mbagala alisema kwamba hapana mahali penye chakula rahisi kama Mbagala. Wa Tegeta alisifu upepo. Wa Kigamboni alisema kuwa mtu akivuka maji huacha makelele nyuma yake, wala hakutaja foleni ya pantoni. Hapana aliyesema uongo. Lakini mtu akiulizwa habari za mtaa wake hujibu kama aliyeulizwa habari za ndoa yake: hutetea uamuzi alioufanya zamani, na hasara zake huzifunika kwa staha. Mgeni anayetaka shauri hupewa sifa, naye hudhani kuwa amepewa shauri.

Zamani watu wengi wa mji huu hawakupata taabu ya kuchagua, kwa kuwa walichaguliwa. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na kufanywa makao makuu ya serikali ya Wajerumani mwaka 1891, ulikuja kugawanywa na watawala kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Uzunguni penye bustani na hewa ya bahari. Wahindi walikaa Uhindini penye maduka. Waafrika walielekezwa Kariakoo, na baadaye Ilala na Magomeni. Sheria za ujenzi zililinda mipaka ile kwa ujanja: hazikutaja sana mtu, zilitaja namna ya nyumba iliyoruhusiwa katika kila sehemu, na aliyeweza kuijenga alijulikana kabla ya msingi kuchimbwa. Mambo hayo yalikwisha, walakini umbo la mji halifutwi kwa wino kama sheria. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wao hukaa katika mitaa iliyojengwa kabla ya kupimwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima ardhi mahali kama Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma, lakini haja ilikuwa kubwa kuliko viwanja. Siku hizi wagawaji wa watu ni mfuko na barabara.

Mume na mke walisafiri pamoja kutafuta nyumba, watoto wakabaki kwa bibi yao. Walikuwa na siku nne. Dalali alitaka fedha ya kuonyesha nyumba, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kuwa ada yake mapatano yakitimia. Wenye nyumba nao walitaka kodi ya miezi sita mbele, wengine ya mwaka. Maana ya desturi hii haifahamiki upesi. Mtu akikosea nyumba, amekwisha lipia kosa lake kwa nusu mwaka, na maskini hana fedha ya kukosea mara mbili.

Mume alishika karatasi. Aliandika kodi, idadi ya vyumba, maji, umeme, na umbali wa shule. Mke hakuandika kitu, ila kila nyumba waliyofika aliuliza maswali mawili yaliyomchosha dalali. La kwanza lilikuwa, mvua ikinyesha maji hupita wapi? Hili lilikuwa na sababu, kwani alikumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu wapatao 40 walipokufa, na familia za bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande. La pili lilikuwa, nani hushinda nyumbani hapa saa nne ya asubuhi? Huko Goba dalali alicheka aliposikia swali hili. "Mama, watu wa huku ni watu wa kazi," alisema. "Mchana hapana mtu wa kukusumbua." Alidhani kuwa anasifu mtaa.

Walichukua nyumba ya Goba. Yeyote angaliichukua. Ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, sebule, ukuta, lango la chuma, na uwanja uliotosha mwembe na kuku, kwa kodi iliyokuwa sawa na ya vyumba viwili karibu na mji. Kilima kilikuwa kikavu na usiku ulikuwa kimya. Watoto walikimbia kutoka ukuta mmoja hadi wa pili wakipiga kelele za furaha. Mume alihesabu kwamba atakwenda kazini kwa mabasi mawili, na karatasi yake ilimwambia kilomita. Karatasi haikumwambia saa.

Aliamka saa kumi ya alfajiri ili atangulie foleni, akarudi saa tatu ya usiku. Aliwaacha watoto wamelala akawakuta wamelala. Mkubwa alichukuliwa na gari la shule saa kumi na moja na nusu, naye alisinzia darasani. Shule ya serikali ilikuwako, na ada ya shule za msingi ilikwisha kufutwa tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, lakini ilikuwa mbali na darasa lilijaa. Na mtoto mwenye sare anayengoja daladala asubuhi hujua kwamba konda hupenda nauli kamili kuliko ya mwanafunzi. Jumapili moja mtoto mdogo alipakatwa na baba yake akalia mpaka aliporudishwa kwa mama. Wote walicheka. Baba naye alicheka, ila jioni ile hakula vizuri.

Mwezi wa nne wa kukaa Goba, mke alikwenda Kariakoo kununua vitenge vya biashara yake. Mtoto mdogo aliachwa na msichana wa miaka kumi na tisa, binti wa ndugu yao. Saa sita ya mchana homa ya mtoto ilipanda, na degedege likamshika. Msichana alipiga simu. Mama alikuwa Kariakoo, baba alikuwa mjini, kila mmoja yu mwendo wa saa mbili. Alimbeba mtoto akatoka nje. Lango la kwanza lilijibiwa na mbwa. La pili lilijibiwa na mlinzi, aliyesema kwa upole kuwa wenyewe hawapo na yeye haruhusiwi kufungua. La tatu halikujibiwa, ingawa redio ilisikika ndani. Mwanamke aliyekaanga vitumbua njia panda alimwona, akaepua karai, akamwaga maji juu ya moto, akasimamisha bodaboda, wakaenda zahanati watu watatu na mtoto juu ya pikipiki moja.

Mama alipofika, mtoto alikuwa amekwisha tibiwa na amelala. Mwanamke wa vitumbua alikuwa bado ameketi pale juu ya benchi, unga mikononi. Alipoulizwa anakaa wapi, alijibu kwamba anakaa katika pagale la tajiri mmoja, akililinda lisiibiwe matofali na nondo mpaka mwenyewe apate fedha ya kulimaliza. Kwa hivi katika mtaa mzima wenye malango mazuri, jirani aliyepatikana mchana alikuwa mtu asiye na nyumba.

Usiku ule mume alitetea Goba. Alisema kwamba ugonjwa haukosi mahali, kwamba kodi imelipwa, kwamba watoto wana uwanja, na kwamba miaka michache ijayo mtaa utajaa watu. Kila neno lilikuwa kweli. Tena ni haki kusema kwamba nyumba yenye babu na bibi wanaoshinda ndani ingalikaa Goba kwa raha kubwa; uwanja wake ni neema na hewa yake ni dawa. Mke alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba watoto," alisema, "nyumba siilaumu. Nataka mahali ambapo mtoto akilia anasikika."

Walihamia Magomeni, upande wa juu usiofikiwa na maji ya bonde, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani penye jiko, bafu na choo. Walipata vyumba viwili. Vyumba vingine vilikuwa na wapangaji watatu, na mmoja wao alikuwa ajuza aliyekaa pale miaka mingi kuliko mwenye nyumba wa sasa. Uani wa nyumba kama hii hausifiwi na madalali, kwa kuwa haupimiki kwa futi. Hapo hufuliwa, hupikwa, hugombwa na kupatanwa. Mtoto wa mmoja hukemewa na wote, na hulishwa na yeyote mwenye sufuria motoni. Mpangaji mpya humwamkia mzee shikamoo kabla ya kuteka maji, na kwa maneno hayo amekwisha andikwa katika daftari lisiloonekana.

Wala isidhaniwe kuwa walihamia peponi. Umeme ulikuwa wa mita moja ya luku, na kila mwezi kulikuwa na shauri la nani ametumia pasi. Foleni ya bafu asubuhi ilikuwa na siasa zake. Baa ya jirani ilipiga muziki usiku wa Ijumaa na Jumamosi. Watoto walijifunza maneno ambayo kule Goba wasingaliyasikia, na mkubwa alichapwa kwa moja la hayo. Mwendokasi ulimfikisha baba kwake kwa muda mfupi, isipokuwa siku za mvua kubwa, Msimbazi ulipofurika Jangwani na barabara ikafungwa, akazunguka njia ya mbali na viatu mkononi.

Bibi yao alipokuja kutoka Songea kutazama wajukuu, alisimama mlangoni akavitazama vyumba viwili, makochi yaliyopandana ukutani, na sanduku la vyombo chini ya kitanda. Aliuliza kuku watafugwa wapi. Mkwewe hakuwa na jibu. Miezi miwili ya kodi ya Goba ilikuwa bado haijaisha, na mwenye nyumba yule hakurudisha kitu.

Siku ile baba alirudi kabla jua halijazama. Alikuta bibi amekaa barazani na yule ajuza, wakimenya kunde katika ungo mmoja kama watu waliojuana zamani. Aliwaamkia, akauliza mtoto yuko wapi. Bibi alisema hajui. Ajuza hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Amelala chumbani mwangu," alisema. "Usimwamshe, amekula sasa hivi."